Kitita Kinachochagua Wanachama



Mwaka 2016 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania ulianzisha Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka, na mtoto wa chini ya miaka 18 akatibiwa. Bei ilikuwa ileile kwa mtoto mzima wa afya na kwa aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, na hakuna aliyelazimishwa kuinunua. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa shuleni na kwenye vifurushi vya familia. Sababu iliyotolewa ni kwamba walioingia walikuwa, kwa wingi wao, watoto waliokwisha kuugua.

Lawama zikawaangukia wazazi: eti hatuna utamaduni wa bima, tunangoja tuugue. Nakataa. Mama mwenye mtoto wa selimundu aliisoma kadi ile vizuri kuliko walioiandika. Jirani yake, ambaye mwanawe hupata mafua mara mbili kwa mwaka, alipiga hesabu yake akaona fedha hiyo ni sare za shule. Wote wawili walikuwa sahihi. Aliyekosea ni aliyedhani kwamba kitita cha mafao hueleza tu yale mwanachama atakayopata, kumbe pia huchuja nani atakuja. Andika usafishaji wa figo, watakuja wenye figo mbovu. Andika uzazi, watakuja wanaotazamia kujifungua. Mtumishi wa umma hachujwi hivyo, kwa kuwa asilimia 3 ya mshahara wake hukatwa, apende asipende, na mwajiri huongeza 3 nyingine.

Chujio hilo hufanya kazi upande wa pili pia, na hapo ndipo penye ujanja. Nchini Marekani, kampuni zinazowakatia wazee bima badala ya mpango wa serikali wa Medicare haziruhusiwi kumkataa mgonjwa. Baadhi zikaongeza fao moja dogo: uanachama wa ukumbi wa mazoezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha mipango 11 iliyoongeza fao hilo na mingine isiyoliongeza, ukakuta waliojiunga baada ya fao kuwekwa walijieleza kuwa na afya bora zaidi. Hakuna mzee aliyefungiwa mlango. Ila mwenye magoti yaliyokwisha hana haja na ukumbi wa mazoezi, na karani hakuhitaji kumwambia neno.

Ukatili zaidi uko kwenye orodha ya dawa. Sheria ya Marekani ilipopiga marufuku kumbagua mgonjwa kuanzia 2014, watafiti walichunguza mipango 48 ya bima katika majimbo 12. Katika 12 kati ya hiyo, kundi zima mojawapo la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI lilikuwa limewekwa kwenye daraja ambalo mgonjwa hujilipia asilimia 30 ya bei au zaidi. Hakuna aliyeandikiwa kuwa hatakiwi. Aliyeishi na virusi aliisoma orodha, akaenda kwingine.

Na anayejitolea kuwa mkarimu peke yake huumia. Chuo Kikuu cha Harvard kilipoweka, mwaka 1995, mchango wa mwajiri ulio sawa kwa mipango yote ya bima ya wafanyakazi wake, mpango wenye mafao mapana ukawalazimu wafanyakazi kulipa tofauti wenyewe. Wenye afya wakahama, mchango ukapanda, wakahama wengine. Kufikia 1997 mpango huo haukuwepo tena.

Uholanzi imejaribu kuziba njia hizo: tangu 2006, kitita cha msingi ni kimoja kwa sheria, kila kampuni lazima impokee ajaye, na mfuko wa usawazishaji huilipa zaidi kampuni iliyopokea wagonjwa wengi. Faida ya kumkimbia mgonjwa hupungua.

Sasa Tanzania tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, inayosema kila mkazi ajiunge. Naiunga mkono, ila ulazima hukaa vizuri palipo na hati ya mshahara. Mama lishe na dereva wa bodaboda hawana mwajiri wa kuwakata, kwa hiyo kwao bima itabaki ya hiari miaka mingi, vyovyote itakavyoandikwa. Basi Mfuko wa Taifa unapobadilisha kitita, utoe hadharani hesabu ya aina mbili: kila fao litagharimu kiasi gani, na litamvuta nani. Hiyo ya pili sijaiona ikijadiliwa.