MLANGO WA KILA MTU: KUJENGA KITUO CHA JAMII DAKAWA

Mwenye penseli aishike. Mwenye futi ya fundi aiweke karibu, maana leo tutasoma na kupima pia.

Somo letu ni juu ya nyumba. Si nyumba ya mtu mmoja, bali kituo cha jamii: mahali pa darasa la watu wazima, mikutano ya ushirika, mama na watoto siku ya kliniki, na vijana wanaojifunza kushona au useremala. Tunataka kituo hicho kimfae pia mtu asiyeona, asiyesikia, au asiyeweza kutembea kwa miguu yake.

Tuchukue mfano wa Dakawa, wilaya ya Mvomero, mkoa wa Morogoro. Wengi wenu mmepita pale. Barabara kuu ya kwenda Dodoma inapita, mto Wami uko karibu, na majaruba ya mpunga yametanda bondeni. Watu wa Dakawa hawahitaji kufundishwa kwamba pori linaweza kugeuka makazi. Mwaka 1982 serikali ya Tanzania iliwapa ardhi pale wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC, ambao tayari walikuwa na shule yao Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Zikasimama nyumba, madarasa na karakana. Mwaka 1992, wenyewe wakijiandaa kurudi kwao, waliyakabidhi majengo kwa serikali yetu.

Basi kujenga tunajua. Shida ni kwamba tunapochora msingi, hatumfikirii kila atakayeingia. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo, na nitawaeleza.

Zamani kidogo nilikuwa nasimamia darasa la kusoma na kuandika katika kijiji kimoja. Darasa lilikuwa na ngazi tatu mlangoni. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo mama mmoja aliyekuwa akitambaa kwa mikono, kwa kuwa miguu yake ilipooza tangu utotoni. Wakati wa kiangazi alikuja kila siku, mapema kuliko wote. Masika ilipoanza hakuonekana. Nikachukua rejista, nikaandika mbele ya jina lake: "Ameacha." Nikapeleka taarifa yangu, na hakuna aliyeniuliza neno.

Miezi miwili baadaye nilimkuta kwake akichambua mboga. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, mbona ulituacha?"

Akanijibu, "Mwalimu, sikuacha. Nilikuja siku tatu. Ngazi zilikuwa zimejaa tope, na nyote mlikuwa ndani mnatazama mlangoni. Nikarudi."

Nilikuwa nimempita mara nyingi akipanda zile ngazi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini anafika mapema. Alifika mapema ili apande kabla hatujamwona. Baadaye tulihamishia darasa chini ya mwembe, lakini yeye alikuwa amekwisha kosa nusu ya mwaka.

Haya, tuendelee. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, kama 11 wana ulemavu wa namna fulani. Tazameni darasani mwenu. Kama hamwoni hata mmoja, msiseme kwamba kijijini hawapo. Kwanza tazameni mlango.

Jambo la kwanza ni kiwanja. Dakawa ina udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa mvua hunata na wakati wa jua hupasuka. Gurudumu la kiti halipiti humo, na mkongojo huzama. Kwa hiyo chagueni mahali palipoinuka, na njia ya kufika iwekwe changarawe na kushindiliwa. Kiwanja kisiwe ng'ambo ya barabara kuu, mbali na nyumba za watu. Malori hayamngoji mtu anayetembea polepole, na asiyesikia hawezi kusikia honi. Nimewahi kuona kiwanja kikichaguliwa kwa sababu kinaonekana vizuri na mgeni rasmi akipita na gari. Hiyo si sababu.

Sasa tuje mlangoni, na hapa tukae kidogo. Badala ya ngazi peke yake, jengeni mteremko wa zege. Kanuni yake ni rahisi: kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kama sakafu imeinuka sentimita 30 kutoka ardhini, zidisha 30 kwa 12. Unapata sentimita 360, yaani mita 3 na sentimita 60. Fundi atakwambia, "Mzee, huo ni mrefu mno, tuufanye mita moja na nusu, tuokoe saruji." Mkatalie kwa adabu. Mteremko mkali humwangusha mtu chali pamoja na kiti chake, na huo si msaada tena, ni mtego.

Upana wake usipungue sentimita 120. Pembeni wekeni ukingo mdogo, gurudumu lisitoke nje, na bomba la kushikilia. Saruji ikiwa bado mbichi, pitisheni ufagio mgumu kwa kukata njia, ibaki na mikwaruzo. Sakafu iliyong'arishwa inapendeza, lakini ikilowa huteleza kama kambale. Juu, mbele ya mlango, pawe na nafasi tambarare ya mita moja na nusu kila upande, mtu apate kusimamisha kiti na kufungua mlango bila kurudi nyuma.

Mlango wenyewe ukiwa wazi uache nafasi ya sentimita 90. Msiweke kizingiti.

Choo ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Watu hujenga ukumbi mzuri, kisha choo kinakuwa kibanda chembamba nyuma ya mahindi. Mtu asiyeweza kuchuchumaa atafanyaje? Hatakunywa maji tangu asubuhi, na mchana ataondoka kabla ya mkutano kwisha. Jengeni chumba kimoja kipana, kiti kigeuke humo ndani, na pa kukalia pawe na kimo cha sentimita 45 hivi, na chuma ukutani cha kushikia. Njia ya kwenda huko iwe ngumu kama ile ya mlangoni. Choo hicho kitawafaa pia wajawazito na wazee wenye maumivu ya magoti. Na kisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja aliyekwenda mjini.

Wasioona wanahitaji njia isiyobadilika. Bodaboda zisiegeshwe kwenye mteremko, wala magunia ya mpunga yasirundikwe kwenye baraza. Wenye uoni hafifu husaidiwa na mstari mweupe kwenye ukingo wa kila ngazi. Wasiosikia wanatazama uso na mikono, kwa hiyo mabenchi yapangwe nusu duara, na msemaji asisimame dirishani akiupa mwanga mgongo, maana uso wake utakuwa giza. Apatikane pia mtu anayejua lugha ya alama. Wenye ualbino wapewe kivuli, na nafasi ya mbele karibu na ubao, mbali na jua la dirishani.

Lakini nani atayajua haya yote? Wenyewe wanayajua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na inaagiza kuwapo kamati ya watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Waiteni siku ya kupima kiwanja, msingoje siku ya kukata utepe. Fundi akitandaza kamba za msingi, mwenye kiti cha magurudumu apite katikati ya kamba hizo. Asipoweza kugeuka, kamba husogezwa kwa dakika moja. Ukuta husogezwa kwa nyundo na fedha. Na siku ya msaragambo msiwaambie wakae kivulini watazame. Asiyetembea aweza kugonga kokoto au kuandika mahudhurio.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila kikundi kipime mlango wa darasa lake na kimo cha sakafu kutoka ardhini, na kiandike tarakimu hizo daftarini. Kisha mfanye hesabu: sakafu ikiwa na kimo cha sentimita 45, mteremko utakuwa na urefu gani? Jibu liandikwe kwa mita na sentimita. Mwalimu naye afungue rejista, atafute majina yaliyoandikwa "Ameacha," na aende na wanafunzi wawili kuwaamkia watu hao nyumbani kwao. Majibu mtayaleta katika kipindi kijacho.