Picha Iliyochorwa na Mizani

Juma hili nazungumzia picha za maabara zenye rangi nzuri mno, nami nauliza: tuziamini kiasi gani?

Mwaka 1997 mwanasayansi wa Marekani, Richard Caprioli, na wenzake walionyesha jinsi ya kuchora kipande cha nyama ya mwili kwa kupima uzito wa molekuli zake. Kipande chembamba kilichogandishwa hupakwa kemikali inayofyonza mwanga. Leza hukipiga nukta baada ya nukta, molekuli huruka, mashine huzipima, na kompyuta huupa kila uzito ramani yake ya rangi.

Kazi hii si mchezo. Mwaka 2014 watafiti wa Boston walieleza jinsi walivyotumia mashine ya jamii hiyo, yenye kunyunyiza matone badala ya leza, wakati wa upasuaji wa ubongo. Walitafuta tindikali inayojazana katika baadhi ya uvimbe, ili mpasuaji ajue saratani inaishia wapi. Akipita mpaka, mgonjwa aweza kupoteza usemi. Akiishia njiani, saratani inabaki.

Sasa sikiliza hitilafu zake. Kwanza, rangi kali si lazima iwe wingi: chumvi na mafuta ya mahali fulani huweza kufifisha alama ya kitu kingine kilichopo hapo hapo. Pili, kemikali ikipakwa majimaji mno, vitu huhama, na ramani huonyesha mahali visipokaa. Tatu, glukosi na fruktosi zina uzito uleule. Uzito peke yake hauwezi kuzitofautisha. Nne, nyama ikichelewa kugandishwa, huendelea kubadilika.

Je, tuitupe mashine? Hapana. Wataalamu makini hunyunyiza kiasi kinachojulikana cha kitu kinachofanana na kile wanachopima, wapate cha kulinganishia. Huvunja molekuli ili vipande vyake viitambulishe. Humpa bingwa wa darubini kipande kilekile akisome kwa macho yake. Kisha hurudia kwa wagonjwa wengine, na ikiwezekana katika maabara nyingine.

Muuza nyama sokoni hukaguliwa mizani yake kwa mawe yenye uzito unaojulikana, na hakuna anayeona ametukanwa. Kwa hiyo ukionyeshwa picha ya rangi na kuambiwa kuwa saratani imeishia hapa, uliza kwa adabu: mizani hii ilikaguliwa kwa jiwe gani?

Tukutane juma lijalo.