Chupa ya Mwisho



Asubuhi hii nawaomba mumkumbuke yule mjane wa Sarepta. Alikuwa amebakiwa na unga wa kujaza kiganja tu, akawa anaokota kuni ili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, kisha wangojee kifo. Wapo watu miongoni mwetu waijuao hofu hiyo kila watazamapo chupa yao ya dawa. Hao ni wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza.

Kongosho la mgonjwa huyo halitoi insulini ya kumtosha kuishi. Pasipo insulini, sukari hujaa katika damu wala mwili hauwezi kuitumia. Mwili huyeyusha mafuta yake wenyewe, damu ikaharibiwa na asidi, na mgonjwa hufa kwa muda wa siku au majuma machache. Dawa ilianza kutumika mwaka 1922 huko Toronto, alipodungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson.

Sasa sikilizeni habari za Eva Saxl. Yeye na mumewe Victor waliikimbia Ulaya ya Wanazi, wakapata hifadhi Shanghai, nchini China. Huko Eva akaugua kisukari. Mwezi Desemba 1941 vita vikaenea Asia, majeshi ya Japani yakautwaa mji, na insulini ikatoweka madukani. Iliyouzwa kwa magendo haikuaminika.

Victor hakuwa tabibu. Lakini waliazima kitabu cha uganga kilichoeleza jinsi insulini ilivyopatikana, mkemia Mchina akawapa nafasi katika maabara, nao wakatafuta makongosho ya nyati wa majini. Walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Dawa ile, yenye rangi ya hudhurungi, ilipimwa kwanza kwa sungura. Hatimaye Eva akajidunga mwenyewe, akaishi. Wala hawakuificha: wagonjwa wapatao 400 waliishi kwa dawa hiyo hadi vita vilipokwisha mwaka 1945.

Ndugu zangu, tujifunze nini?

Kwanza, imani haishindani na sindano. Wapo wazazi wanaoshauriwa wamwachishe mtoto insulini ili waonyeshe kwamba wanamtegemea Mungu. Ushauri huo huua. Mwombee mwanao, kisha umdunge. Akili iliyoigundua dawa ni kipaji cha Mungu, na kuikataa si uchaji.

Pili, tuwe tayari kabla ya siku ya shida. Mafuriko na vita havipigi hodi. Mwenye ugonjwa huu awe na akiba ya insulini na sindano, na jirani zake wamjue. Mkikimbia, dawa itangulie godoro. Pasipo jokofu, chungu cha udongo kilichoungwa maji kwa nje na kuwekwa kivulini huipunguzia dawa joto. Lakini isigandishwe na barafu, maana iliyoganda haifai tena. Wala mtu asijaribu leo kuipika nyumbani. Wale walilazimishwa na kifo kilichokuwa mlangoni.

Tatu, na hili ndilo zito. Mjane alimpa nabii mkate kutoka katika unga wake wa mwisho. Eva, mgonjwa, aliwagawia wagonjwa wenzake. Sisi tulio wazima hatuombwi chupa yetu ya mwisho. Tunaombwa nauli ya kumfikisha mtoto wa jirani hospitalini, mchango wa kununua dawa, na kikombe cha uji wenye sukari pale atetemekapo na kutoka jasho kwa sababu sukari imemshuka. Tukishindwa na haya madogo, tutamjibu nini mjane yule?