Kupima Thamani ya Kampuni kwa Vitabu vya Uwekezaji: Kurasa Tunazoziruka



Nimeombwa nieleze jinsi vitabu vya uwekezaji vinavyoweza kumsaidia mwekezaji mdogo kujua thamani ya kampuni. Maoni haya ni yangu binafsi. Kampuni nitakazozitaja sizitaji ili mtu anunue au auze hisa zake. Nazitaja kwa kuwa hesabu zake ziliwekwa hadharani.

1. Maana ya maneno

Haya mnayafahamu, nitayapitia haraka. Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Bei ni kile anachokubali kulipa mnunuzi sokoni leo. Thamani ni kile ambacho biashara yenyewe itawapatia wenye nayo kwa miaka ijayo. Uwekezaji wa thamani ni kununua bei ikiwa chini ya thamani, tena chini kiasi cha kufidia makosa ya hesabu zetu. Msingi huo uliwekwa na Benjamin Graham wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyeandika Security Analysis pamoja na David Dodd mwaka 1934, kisha The Intelligent Investor mwaka 1949. Warren Buffett, mwekezaji mashuhuri wa Marekani, alikuwa mwanafunzi wake.

2. Vipimo vya kukariri

Msomaji wetu hutoka kwa Graham na namba mbili: bei isizidi mara 15 ya faida ya mwaka kwa hisa, wala isizidi mara 1.5 ya thamani ya vitabuni, yaani mali za kampuni ukitoa madeni yake, kwa hisa. Anachukua orodha ya bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam, anagawanya, anaamua. Mafunzo mengi tunayoendesha huishia hapo, na washiriki hupewa vyeti.

Namba 15 ina asili yake. Gawa 100 kwa 15, unapata karibu 6.7, yaani faida ya asilimia 6.7 kwa mwaka ya fedha uliyotoa. Graham aliipima faida hiyo kwa riba ya hatifungani imara za Marekani za wakati wake. Riba ikipanda, alitaka bei ya hisa iwe chini zaidi. Kwetu Tanzania, mwaka 2021 Serikali ilianza kuuza kupitia Benki Kuu hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya 15.95%, isiyokatwa kodi ya zuio. Gawa 100 kwa 15.95, unapata karibu 6.3, yaani mnunuzi wa hatifungani hiyo alilipa karibu mara 6.3 tu ya riba yake ya mwaka. Aliyelipa mara 15 ya faida mwaka ule alikuwa anaamini kwamba faida ya kampuni ingekua sana, kwa miaka mingi. Huenda ikakua kweli, maana riba ya hatifungani haiongezeki na faida ya biashara huweza kuongezeka. Lakini ukuaji huo ndio hasa anaotakiwa kuuthibitisha, na kitabu cha New York hakiwezi kumfanyia kazi hiyo.

Namba ya pili ndiyo iliyonisumbua zaidi miaka yote hii.

Benki ya CRDB iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa Sh150. Mwishoni mwa 2019 hisa hiyo ilikuwa chini ya Sh100, ilhali thamani yake ya vitabuni ilizidi mara mbili ya bei hiyo. Huko Kenya, kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, nayo hisa yake iliuzwa chini ya thamani ya vitabuni mwaka 2013 na 2014. Kwa kipimo cha kukariri, zote mbili zilikuwa rahisi. Hisa ya CRDB ilipanda zaidi ya mara tatu ndani ya miaka michache. Mumias iliwekwa chini ya meneja mpokezi (receiver manager) mwaka 2019, hisa ikiwa chini ya shilingi moja ya Kenya, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa.

Tofauti kati yao ilikuwepo, na iliandikwa katika ripoti zao za mwaka. Faida ya CRDB baada ya kodi ilitoka takriban Sh64 bilioni mwaka 2018 ikafika Sh120 bilioni mwaka 2019. Kwa bei ile, hisa zake zote zilikuwa na thamani ya karibu Sh250 bilioni sokoni, sawa na faida ya miaka miwili. Swali lililobaki lilikuwa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati: ni kiasi gani, na benki imetenga kiasi gani kuifidia? Jibu la swali hilo liko kwenye maelezo ya hesabu.

Mumias ilikuwa imepata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 1.6 za Kenya katika mwaka wa fedha wa 2012/13, na ya mwaka uliofuata ikawa kubwa zaidi. Madeni ya kulipwa ndani ya mwaka yalizidi mali inayoweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka. Thamani ya vitabuni iliyowavutia watu ilikuwa mitambo na mashamba, na mitambo isiyopata miwa ya kutosha haina thamani iliyoandikiwa. Mkaguzi wa hesabu alieleza shaka juu ya uwezo wa kampuni kuendelea. Watu waliendelea kununua.

Kurasa hizi, za maelezo ya hesabu na ripoti ya mkaguzi, tunaziruka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uvivu wetu sisi wakufunzi, maana uwiano ni rahisi kuufundisha kwa saa moja. Ya pili ni lugha. Mfanyabiashara wa Kariakoo anajua deni lisilolipika na mzigo usiouzika kuliko wachambuzi wengi, lakini ripoti ya mwaka mara nyingi anaikuta kwa Kiingereza. Natambua kwamba tafsiri ina gharama na wajibu wa kisheria. Nimelieleza jambo hili la tafsiri katika kila jukwaa nililoalikwa, na jibu limekuwa kwamba linafanyiwa kazi.

3. Mapendekezo

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ifikirie kuzitaka kampuni zilizoorodheshwa kutoa kwa Kiswahili, japo kwa muhtasari, ripoti ya mkaguzi, mtiririko wa fedha na maelezo ya madeni. Kampuni zisisubiri kulazimishwa.

Wakufunzi waache kufundisha namba 15 bila kuitaja riba ya hatifungani ya siku hiyo. Namba hiyo ibadilishwe kila riba inapobadilika.

Thamani ya vitabuni isifundishwe peke yake. Kwa benki, iende na mikopo chechefu. Kwa kiwanda, iende na malighafi na madeni ya muda mfupi.

Vyeti vitolewe kwa aliyesoma ripoti nzima ya kampuni moja, siyo kwa aliyehudhuria.

Madalali wawape wateja ripoti ya mwaka kabla ya kupokea oda ya kwanza. Narudia, kabla.

Vitabu vya Graham viendelee kusomwa, hasa sehemu anazoeleza kwa nini alichagua kila kipimo.

Na kila kikundi cha uwekezaji kilichopo hapa kichague kampuni moja kabla ya mkutano wake ujao, kianze na ripoti ya mkaguzi, kiende kwenye mtiririko wa fedha, kisha madeni. Bei iangaliwe mwisho.