Ua la Mwakani: Okidi, Korongo na Mpaka wa Tunduma



Nimeitwa kuzungumzia maua, lakini nitaanza na kiazi. Hiki mkononi mwangu ni kama kidole gumba, kina vinyweleo, na ndani ni cheupe chenye utelezi. Hapa Tunduma ni kikanda. Ukivuka tu kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ni chikanda. Hukaushwa, hutwangwa, kisha unga wake husongwa pamoja na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi mpaka ushikane, ukatwe vipande. Ni chakula cha heshima. Anayekila simlaumu hata kidogo.

Mmea wake ni okidi. Masika yakikolea, teremka milima ya Ileje kuelekea korongo la mto Songwe, mto unaotutenganisha na Malawi. Kwenye nyasi zenye unyevu tazama kikonyo kimesimama, kimejaa maua kuanzia katikati hadi kileleni. Kama ni Satyrium, inama: kila ua lina vipembe viwili nyuma, na asali imo humo. Sasa fukua taratibu. Utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, kimeshalilisha ua hili. Cha pili ni kigumu, kimejaa. Hicho ndicho mmea wa mwaka ujao. Mchimbaji hutupa kilichosinyaa, akatia kigumu kapuni. Kinacholiwa, basi, ni ua la mwakani.

Na mbegu haziokoi upesi. Ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na bila kuvu wa udongoni hazioti.

Zambia ilipopungukiwa na okidi zake, wanunuzi waligeukia nyanda zetu za juu kusini. Katika nyanda hizo, Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ina ulinzi tangu 2005: kilomita za mraba zipatazo 413, aina 350 hivi za mimea, 45 kati yake okidi za ardhini. Korongo letu la Songwe halina ulinzi huo. Mkataba wa kimataifa unaitaka okidi ya porini inayovushwa mpaka iwe na kibali, ila kiazi kikavu ndani ya gunia hakina ua la kumwonyesha afisa ni aina gani.

Hata Bahari ya Mediterania inaujua uchimbaji huu. Nchini Uturuki viazi vya okidi bado vinachimbwa kutengenezea salepu, kinywaji cha maziwa ya moto.

Kwa kuwa kiazi kikavu hakimwonyeshi afisa aina yake, nawaomba wanafunzi wa botania waanze na akina mama wanaochimba, kabla ya kufungua kitabu chochote. Wao wanazijua aina kwa jani, kwa majina ya Kindali, Kimalila na Kinyiha ambayo hatujayaandika. Tukishayaandika, tukae nao tuulize mambo mawili: je, uchimbaji unaweza kungoja vikonyo vikauke na kumwaga mbegu? Na ni mteremko upi upumzishwe msimu huu?