Safari na Watoto ni Darasa



Ama baad. Abdallah bin Abbas (r.a.) alikuwa kijana mdogo, amepakiwa nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya kipando, alipousiwa amhifadhi Mwenyezi Mungu na amuombe Yeye pekee. Wasia ule wa njiani hakuusahau. Aliusimulia ukubwani, nasi twausoma hadi leo.

Sisi je? Likizo ya Desemba twawapeleka wanetu kwa bibi na babu, Dar es Salaam hadi Tanga, zaidi ya kilomita 300. Wazazi tumeshika simu, mtoto ameachiwa video ya basi. Akifika, hana alichobakiza ila soda na biskuti.

Basi tumsomeshe dua ya kupanda chombo. Tukiteremka njiani, tumsimamishe pamoja nasi aione Adhuhuri ya rakaa 4 ikiswaliwa 2. Akiwa na miaka 7, umri wa kuamrishwa Swala, hiyo itakuwa kumbukumbu yake ya maisha. Tukifika, tumzungushe kwa jamaa, amjue shangazi na ami.

Kesho tukiwa makaburini, watatusimulia kwa lipi?

Wabillahi tawfiq.