Ndege iliyomkosa adui wake

Juzi kwa kinyozi nilikuta ubishi mkali. Kijana mmoja alikuwa akiapa kwamba ndege ya kivita ya Kimarekani, F-22, haionekani hata ikikupitia utosini. Nikamwambia inaonekana, na mngurumo wake unasikika vizuri tu. Inayofichwa ni rada.

Rada ni kama mtu apigaye ukelele bondeni akasubiri mwangwi. Hutuma mawimbi ya redio. Yakigonga kitu yanarudi, na mtazamaji anajua kitu hicho kiko wapi. Sasa F-22 imechongwa ili mawimbi yakiigonga yaruke pembeni, yasimrudie aliyeyatuma. Mengine hupunguzwa na rangi maalumu iliyopakwa mwilini. Makombora haiyaning'inizi chini ya mbawa. Huyabeba tumboni, na milango hufunguka wakati wa kufyatua tu. Tena huipita kasi ya sauti bila kuwasha ule moto wa ziada unaokausha mafuta. Kwa ufundi huo sina la kukosoa.

Linalonishughulisha mimi ni muda. Jeshi la Anga la Marekani lilianza kuiwazia ndege hii mwaka 1981, adui akiwa Umoja wa Kisovyeti. Kampuni ya Lockheed ilishinda zabuni Aprili 1991. Desemba mwaka huohuo adui akavunjika vipande vipande mwenyewe, bila kupigwa risasi. Ndege iliruka kwa mara ya kwanza Septemba 1997, ikaingia kazini rasmi Desemba 2005. Wakati huo askari wa Marekani walikuwa wakiuawa Iraki na mabomu yaliyotegwa kando ya barabara, na kwa mabomu hayo F-22 haikuwa na dawa.

Waliotaka ndege 750 waliishia na 187 za kazi, kwa zaidi ya dola bilioni 60. Japani ilizitamani, lakini Bunge la Marekani lilikataza kuziuza nje. Na mwaka 2007, F-22 zikitoka Hawaii kwenda Okinawa, zilivuka ule mstari wa baharini ambapo tarehe hubadilika, kompyuta zake zikachanganyikiwa. Ilibidi zifuate ndege za kubebea mafuta kurudi Hawaii, kama vifaranga nyuma ya mama yao.

Hatimaye, tarehe 4 Februari 2023, F-22 iliangusha kitu angani kwa mara ya kwanza katika kazi halisi. Lilikuwa puto la Kichina, nje ya pwani ya South Carolina. Rubani alifyatua kombora akiwa zaidi ya kilomita 17 juu, mahali ambapo ndege za abiria hazifiki. Puto halikuwa na rubani wala bunduki.

Watetezi wake husema silaha bora ni ile inayomfanya adui asithubutu kuruka. Hoja hiyo siidharau, ila kuipima ni kazi. Hata mlinzi aliyelala usiku kucha hujisifu asubuhi kwamba mwizi hakuja.

Machi 2025 Marekani ilitangaza kwamba Boeing itaunda mrithi wake, F-47. Kijana wa kinyozi aliniuliza hiyo nayo imeandaliwa kupigana na nani. Nilimjibu anipe jibu yeye, maana itakapofika umri wa F-22 ya leo, mimi sitakuwepo.